Nini, wapi, kwa nini: lemingi wa mto Bow na filamu za nchi za barafu

Leo naweka msimbo kando, lakini sitaenda mbali sana, kwa sababu hadithi yenyewe naianzia humu humu katika ulimwengu wetu wa tarakilishi.

Januari 1985, wakati wa fainali ya Super Bowl kule Marekani, kampuni ya Apple ilirusha tangazo la runinga la kuuza mfumo wake wa ofisini ulioitwa Macintosh Office. Mwaka mmoja kabla, tangazo lao la Macintosh lilikuwa limesifiwa kila kona. Hili la pili lilikuwa hivi: foleni ndefu ya watu waliovaa suti, macho yamefungwa kwa vitambaa, kila mmoja ameweka mkono begani mwa aliye mbele, wanatembea jangwani huku wakipiga mluzi hadi kwenye ukingo wa genge, halafu wanatumbukia mmoja baada ya mwingine. Tangazo liliitwa "Lemmings". Ujumbe ulikuwa kwamba mfanyabiashara anayenunua kompyuta kwa kufuata mkumbo ni sawa na lemingi, yule panya mdogo wa nchi za baridi anayejitupa baharini kwa sababu wenzake wamejitupa. Kama unavyoweza kudhani, wateja hawakupenda kuitwa panya, na tangazo likaanguka pamoja na watu wake.

Miaka sita baadaye, Februari 1991, kampuni ndogo ya Dundee kule Uskoti iliyoitwa DMA Design ilitoa mchezo wa kompyuta ya Amiga, nao ukaitwa Lemmings. Ulianza kama mzaha: Mike Dailly alitaka kuonyesha kwamba kijitu kinachotembea kinaweza kuchorwa ndani ya mraba wa pikseli 8 kwa 8. Vijitu vile vyenye nywele za kijani hutembea mbele bila kufikiri, vikikuta genge vinaanguka, na kazi yako wewe mchezaji ni kuviokoa. Mchezo ulipendwa mno na ukahamishiwa kwenye karibu kila aina ya mashine ya enzi zile. Kampuni hiyo hiyo baadaye ndiyo iliyotuletea Grand Theft Auto.

Sasa tatizo ni hili: lemingi hajiui. Hakuna aina ya lemingi inayojitupa kwa makusudi kutoka kwenye genge. Sasa picha hiyo iliingiaje vichwani mwa watu wengi kiasi kwamba Apple wanaweza kujenga tangazo zima juu yake bila kuhitaji kueleza chochote? Mtu wa programu akiona hitilafu kwenye matokeo hurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka aone mahali ilipoingilia. Hebu tufanye hivyo. Tukirudi nyuma tunafika kwenye filamu moja ya mwaka 1958, na kwenye mto mmoja unaopita katikati ya mji wa Calgary, Kanada.

SAUTI NI KITU KINGINE, PICHA NI KITU KINGINE

Kwanza tukumbushane filamu ya wanyamapori inavyotengenezwa. Mpiga picha anakwenda mahali, anakaa miezi, anarudi na saa nyingi za picha. Mhariri anakata na kuunganisha. Mwisho kabisa msimulizi anaingia studioni na kusoma maneno yaliyoandikwa. Maneno hayo hayakuwepo pale barafuni. Yamewekwa juu kama vile sisi tunavyoweka maelezo kwenye faili, na kila mtu anajua maelezo ya faili yanaweza kuandikwa chochote. Unaweza kuchukua picha ya paka na kuiita simba.jpg, kompyuta haitakukatalia. Hata data ya EXIF, ile inayobeba saa na mahali picha ilipopigwa, inafutika kwa amri moja.

Ila kuna maelezo yasiyofutika kirahisi, nayo ni yale yaliyomo ndani ya picha yenyewe: mwili wa mnyama, udongo, mimea, mwanga. Sisi Wakenya tunalijua jambo hili bila kusomea. Msimulizi wa kigeni akisema "hapa ni Maasai Mara" huku twiga anayepita ana madoa makubwa yaliyotenganishwa kwa mistari myeupe myembamba kama wavu, utacheka. Huyo ni twiga wa kaskazini, wa Samburu na Isiolo. Twiga wa Mara ana madoa yenye kingo zilizochanika-chanika. Vivyo hivyo ukiona punda milia mwenye mistari myembamba, tumbo jeupe na masikio makubwa ya mviringo, ni punda milia wa Grevy, na hapo si Serengeti hata msimulizi awe na sauti nzuri namna gani.

Kwa nchi za barafu wengi wetu hatuna jicho hilo. Kwetu barafu ni barafu. Msimulizi akisema "Aktiki" tunakubali, akisema "Antaktika" tunakubali. Na si sisi tu. Hata watazamaji wa Ulaya na Marekani wengi wao hawajawahi kufika huko. Ndiyo maana filamu za ncha za dunia zina historia ndefu ya picha kuitwa jina lisilo lake.

Katika kila picha ya namna hii mimi huuliza maswali matatu: huyu ni nini, hapa ni wapi, na hili linatokea kwa nini. Yako kwa mpangilio. La kwanza linajibika zaidi kutoka kwenye picha yenyewe, la pili kwa shida kidogo, na la tatu picha peke yake karibu haiwezi kulijibu kabisa. Tushike hayo matatu tunapopita kwenye historia.

1917: HURLEY ANARUDI KUSINI

Frank Hurley, raia wa Australia, alikuwa mpiga picha wa msafara wa Ernest Shackleton uliosafiri kwa meli ya Endurance. Meli ilinaswa na barafu ya bahari ya Weddell, ikapondwa, na ikazama Novemba 1915. (Mabaki yake yalipatikana Machi 2022, kwenye kina cha mita kama 3,000.) Hurley alizama kwenye maji ya baridi ndani ya meli ili kuokoa vioo vyake vya picha, kisha yeye na Shackleton wakachagua vile vizuri zaidi ya 100 na kuvivunja vingine ili asishawishike kuvibeba. Kamera kubwa ya filamu ikaachwa hapo.

Basi aliporudi Uingereza alikuwa na hadithi kubwa lakini wanyama wachache. Na watu wa sinema wa wakati ule walitaka wanyama. Kwa hiyo mwaka 1917 Hurley alifunga safari nyingine hadi kisiwa cha Georgia Kusini kupiga picha za wanyama, na picha hizo zikaingizwa kwenye filamu iliyotoka mwaka 1919 kwa jina la South. Mtazamaji wa London aliona msafara mmoja. Anayewajua wanyama anaona misafara miwili. Sili tembo waliojazana ufukweni ni wakazi wa Georgia Kusini, wanaopanda nchi kavu kwa maelfu. Barafu inayoelea katikati ya bahari ya Weddell haina ufuko wa namna hiyo.

Simlaumu sana Hurley. Jibu la "nini" lilikuwa sahihi, wanyama walikuwa wa kweli na wako kwenye makazi yao ya kweli. Kilicholegea ni "wapi" na "lini". Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

1958: WHITE WILDERNESS

Baada ya vita vya pili vya dunia, kampuni ya Walt Disney ilianzisha mfululizo wa filamu za wanyama ulioitwa True-Life Adventures, ukianza na Seal Island mwaka 1948, iliyopigwa kwenye visiwa vya Pribilof kule Alaska. Mfululizo huo ulifika mpaka huku kwetu: The African Lion ya 1955 ilipigwa Afrika Mashariki na Kusini na mume na mke, Alfred na Elma Milotte. Mwelekezi wake alikuwa James Algar, na huyo huyo Algar ndiye aliyeelekeza White Wilderness, filamu ya 1958 kuhusu wanyama wa Aktiki. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar kama filamu bora ndefu ya matukio ya kweli.

Ndani yake mna sehemu ya lemingi. Tunawaona wakikimbia kwa wingi juu ya theluji, wanafika ukingoni mwa genge, wanaanza kuanguka, na mwishoni wanaonekana wadogo wakielea majini. Msimulizi anatuambia hiyo ni bahari ya Aktiki.

Kwa zaidi ya miaka 20 hadithi ikabaki hivyo. Kizazi kizima cha Marekani kilikua kikiamini kimeona kwa macho yake lemingi wakijiangamiza. Hapa ndipo utaona nguvu ya picha: ukimwambia mtu "nilisikia" atakuuliza ulisikia kwa nani, ukimwambia "niliona" anakuamini.

Mwaka 1982 kipindi cha The Fifth Estate cha shirika la utangazaji la Kanada, CBC, kilirusha uchunguzi ulioitwa Cruel Camera kuhusu ukatili kwa wanyama katika filamu. Mtangazaji alikuwa Bob McKeown. Walichokipata kinajibu maswali yetu yote matatu, na majibu yote matatu yanaipinga filamu.

Wapi? Si bahari ya Aktiki. Ni mto Bow, karibu na katikati ya mji wa Calgary, jimbo la Alberta. Chukua ramani uangalie: Alberta haina pwani kabisa. Lemingi wenyewe waliletwa kutoka jimbo la Manitoba, ambako walinunuliwa kwa watoto wa Wainuit.

Nini? Mtaalamu wa lemingi aliyehojiwa alisema kwamba aina iliyoonyeshwa haijulikani kuwa na tabia ya kuhama makundi kwa makundi, sembuse kujiua. Angalia vizuri jambo hili. Ushahidi ulikuwa kwenye picha yenyewe tangu siku ya kwanza sinema ilipofunguliwa mwaka 1958. Mtu yeyote mwenye kuwajua wanyama hao angeweza kukaa kwenye kiti chake, akala bisi zake, na kujua kwamba maelezo na mnyama havilingani. Lakini waliojua walikuwa wachache, na waliokaa sinema walikuwa mamilioni.

Kwa nini? Hawakuruka. Walikuwa dazeni chache tu, wakawekwa juu ya meza inayozunguka iliyofunikwa theluji, kamera ikawekwa karibu ili waonekane kundi kubwa lisiloisha, na kwenye ukingo wakarushwa mtoni. Kipindi hicho hicho kilifichua kwamba tukio lingine la filamu, mtoto wa dubu mweupe akiporomoka kwenye mteremko wa barafu, lilipigwa studioni huko huko Calgary.

Watu husimulia habari hii kama kichekesho. Mimi naona haichekeshi sana. Wanyama waliuawa ili kuthibitisha kwamba wanajiua. Halafu maiti wao wakawa ushahidi.

HADITHI ILIKUWEPO KABLA YA FILAMU

Kwa haki, Disney hawakuizua hadithi hii. Lemingi wa Norwei, mwenye manyoya ya manjano na meusi, ana kawaida ya kuzaana sana miaka fulani na kisha kupungua ghafla, na katika miaka ya wingi huhama na hata kuvuka mito, na wengine hufa maji njiani. Watu wa Skandinavia waliona panya wametokea ghafla kila mahali na wakatafuta maelezo. Olaus Magnus, askofu wa Uswidi, aliandika mwaka 1555 kwamba huanguka kutoka mbinguni. Baadaye hadithi ikageuka: hawaanguki kutoka juu, wanajitupa chini. Mwaka 1955, miaka mitatu kabla ya filamu, mchoraji Carl Barks aliwaweka kwenye hadithi ya vibonzo ya Uncle Scrooge, wakikimbilia baharini kwa wingi. Na vibonzo hivyo pia ni vya Disney.

Kwa hiyo waandaaji wa filamu walikwenda Kanada wakiwa tayari na jibu kichwani, wakakuta mnyama hatendi kama ilivyoandikwa, wakamlazimisha. Kwetu hii ni sawa na mtu anayeandika jaribio la programu, jaribio likishindwa anabadilisha data badala ya kubadilisha msimbo.

Jibu la kweli lilikuja kwa kazi ya polepole. Charles Elton, mwanaikolojia Mwingereza, aliandika mwaka 1924 kuhusu kupanda na kushuka kwa idadi ya wanyama, lemingi wakiwa mfano wake mkubwa. Mwaka 2003, Olivier Gilg, Ilkka Hanski na Benoît Sittler walichapisha katika jarida la Science utafiti wao wa mashariki ya Greenland, wakionyesha kwamba mzunguko wa miaka minne wa lemingi wa huko unaelezeka kwa wawindaji wanne: bundi wa thelujini, mbweha wa Aktiki, ndege wa baharini aitwaye skua mwenye mkia mrefu, na mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Wanaliwa, basi. Hakuna genge. Jibu hilo halina drama ya kutosha kuuza tikiti, lakini ndilo lenye hesabu.

JINSI YA KUSOMA PICHA YA BARAFU

Haya, sasa sehemu ya vitendo. Hizi ni alama chache ambazo mtu yeyote mwenye runinga anaweza kuzitumia bila digrii ya zoolojia.

1. Dubu mweupe yuko kaskazini tu. Pengwini wako kusini tu, isipokuwa wale wachache wa Galápagos wanaogusa mstari wa ikweta. Picha yenye dubu mweupe na pengwini pamoja ni katuni, tangazo la soda, au bustani ya wanyama.

2. Pengwini wakubwa ni wa aina mbili, na watu huwachanganya kila siku. Pengwini kaisari huzalia kwenye barafu ya bara la Antaktika wakati wa baridi kali. Hana kiota, yai liko juu ya miguu. Mtoto wake ana manyoya ya kijivu na uso mweupe wenye kofia nyeusi. Pengwini mfalme ni mdogo kidogo, rangi ya machungwa pembeni mwa kichwa imekolea zaidi, na mtoto wake ni kahawia mwili mzima kama aliyevaa koti la manyoya. Huyu hukaa visiwa vya kandokando kama Georgia Kusini na Crozet. Ukiona mtoto wa kahawia na nyasi ndefu nyuma yake, hapo si bara la Antaktika. Filamu ya Luc Jacquet ya 2005, March of the Penguins, ina pengwini kaisari kweli, na ilipigwa karibu na kituo cha Ufaransa cha Dumont d'Urville, kwa hiyo maneno na ndege vinapatana.

3. Walarasi ni wa kaskazini. Wale wa Pasifiki, upande wa Alaska na Chukotka, ni wakubwa na pembe zao ni ndefu kuliko wa Atlantiki.

4. Kuna lemingi wa jenasi ya Dicrostonyx ambao huwa weupe wakati wa baridi, na kucha zao za mbele hukua kama uma za kuchimbia theluji. Lemingi wa kahawia hubaki na rangi yake. Lemingi mweupe kwenye picha basi tayari amekwisha kukupunguzia orodha.

5. Angalia nyuma ya mnyama. Dubu akiwa mbele ya miti ya jamii ya misonobari, kwenye ardhi tambarare, fikiria Churchill, Manitoba, kwenye ghuba ya Hudson, ambako msitu unakutana na nchi isiyo na miti. Dubu akiwa mbele ya milima iliyochongoka na mito ya barafu inayomwagikia baharini, fikiria Svalbard. Jina la kisiwa chake kikubwa, Spitsbergen, maana yake ni milima iliyochongoka. Antaktika hakuna mti hata mmoja.

6. Angalia jua kwenye picha zilizoharakishwa. Ukilitazama jua la usiku wa manane kule Aktiki, linasafiri kutoka kushoto kwenda kulia. Kule Antaktika linatoka kulia kwenda kushoto. Sisi tulio karibu na ikweta tunapata yote mawili: Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini. Tahadhari moja: mhariri akiigeuza picha kama kioo, alama hii inakufa.

Alama moja haitoshi. Zikiwa tatu na zote zinasema mahali pamoja, unaweza kuanza kuamini.

2011 HADI 2019: MASWALI YANAKUWA MAGUMU

Mtu anaweza kusema hayo ni ya kale, siku hizi mambo ni safi. Ni safi zaidi, ndiyo. Lakini maswali yetu matatu bado yana kazi.

Mwaka 2011 BBC walionyesha Frozen Planet, ikisimuliwa na David Attenborough. Mna sehemu ya dubu jike akiwa ndani ya shimo lake la theluji na watoto wachanga. Desemba mwaka huo magazeti ya Uingereza yaliwaka moto: watoto wale walipigwa picha katika bustani ya wanyama ya Ouwehands kule Uholanzi, na picha zao zikaunganishwa na za dubu wa porini. BBC walijibu kwamba walikuwa wameeleza hilo kwenye tovuti ya kipindi, na Attenborough akasema kuweka kamera kwenye shimo la dubu wa porini kungehatarisha watoto au mpiga picha. Hoja yake ina uzito. Nini? Sahihi. Kwa nini? Sahihi, dubu huzaa hivyo. Wapi? Hapo mtazamaji aliachwa adhani. Na shimo jeupe ndilo mahali ambapo alama zangu sita hapo juu hazifanyi kazi: hakuna mlima, hakuna mti, hakuna jua.

Aprili 2019 Netflix walitoa Our Planet, pia kwa sauti ya Attenborough. Sehemu ya walarasi iliwatoa watu machozi: wanyama wazito wanaporomoka kwenye majabali kule Chukotka, Urusi. Filamu ilisema kupungua kwa barafu ndiko kumewalazimisha kujazana nchi kavu. Mwanazoolojia wa Kanada Susan Crockford, anayejulikana kwa kupinga hofu kuhusu dubu weupe, alisema tukio lile ni lile lililoripotiwa na gazeti la Siberian Times mwaka 2017 karibu na kijiji cha Ryrkaypiy, ambako dubu weupe waliwatisha walarasi. Waandaaji walikana kwamba dubu ndio walikuwa wanawafukuza wakati wakipiga picha. Walieleza pia kwamba sehemu ile imeunganishwa kutoka fukwe mbili: moja yenye msongamano mkubwa, nyingine yenye maporomoko. Filamu haikumwambia mtazamaji hivyo. Kujazana kwenyewe si hadithi ya kubuni. Mwaka 2014 walarasi wapatao 35,000 walihesabiwa ufukweni Point Lay, Alaska, barafu ikiwa imeondoka. Lakini kwa kutosema wazi "hizi ni fukwe mbili", waliwapa wapinzani wao kisu chenye mpini.

Mfano wa tatu ndio mgumu kuliko yote. Agosti 2017, kwenye kisiwa cha Somerset kaskazini mwa Kanada, wapiga picha wa kundi la SeaLegacy walimwona dubu mweupe aliyekonda mifupa nje, akijikokota. Video ilienea dunia nzima Desemba mwaka huo. National Geographic waliirusha na maneno yaliyosema kwamba hivi ndivyo mabadiliko ya tabianchi yanavyoonekana. Nini? Sahihi. Wapi? Sahihi. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Dubu hakupimwa. Aliweza kuwa mgonjwa, mzee, au amejeruhiwa. Mwaka 2018 National Geographic wenyewe walikiri kwamba walivuka mpaka kwa kuunganisha njaa ya dubu yule mmoja na tabianchi kwa uhakika namna ile.

KWA NINI NINAJISUMBUA NA HAYA

Barafu ya bahari ya Aktiki inapungua. Hilo halikupimwa kwa macho ya dubu mmoja. Setilaiti zimekuwa zikiipima tangu 1979, na Septemba 2012 ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, kiwango cha chini kabisa katika kumbukumbu hizo. Huo ni mlolongo mrefu wa vipimo ambao mtu anaweza kuupakua na kuuchora mwenyewe. Ushahidi wa namna hiyo haufi dubu mmoja akigundulika alikuwa na ugonjwa wa kawaida.

Lakini watu wengi hawatapakua vipimo. Wataangalia video. Na kila mara mtengeneza video anaposogeza "wapi" kidogo, au kujaza "kwa nini" asiyoijua, anaweka deni ambalo mtu mwingine atakuja kulilipa. Wanaolilipa ni watafiti waliokaa Greenland miaka na miaka wakihesabu viota vya lemingi chini ya theluji, na kila wakifungua mdomo wanaulizwa kwanza kuhusu genge.

Siku hizi kuna jambo jipya pia. Programu za akili bandia zinaweza kutengeneza dubu mweupe anayetembea juu ya barafu bila kamera, bila dubu na bila barafu. Nimesoma watu wakisema basi kila kitu kimeisha, hatuwezi tena kuamini picha. Sioni hivyo. Mwaka 1958 hapakuwa na akili bandia na watu walidanganywa kwa meza ya kuzungusha na ndoo za theluji. Aliyegundua hakuhitaji mashine. Alihitaji kumjua mnyama, kuijua ramani, na kwenda kuuliza.

Kwa hiyo ukikaa kutazama filamu ya barafu, jaribu hivi: tazama dakika tano za kwanza ukiwa umezima sauti. Andika kwenye karatasi unachoona ni nini, na unadhani ni wapi. Kisha rudisha mwanzo, fungua sauti, ulinganishe. Pale ambapo msimulizi anakuambia "kwa nini", simamisha ujiulize amejuaje. Mara nyingi atakuwa na jibu zuri, kwa sababu wengi wa watu hawa hufanya kazi ngumu na kwa uaminifu. Mara chache utagundua upo kando ya mto Bow.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Kaeni salama.